Zambarau Hii ni ya Nani

Picha ilimfikia saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumanne, na Idman hakuhitaji kusoma hata neno moja. Rangi ilitosha.

Ilikuwa zambarau.

Alisimama mlangoni mwa banda la maziwa la mtaa wa Waberi, simu kiganjani, jua la Garissa limeshaanza kuchoma mabati. Kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, Abdiwali alimtumia picha ya kioo cha simu yake kutoka Modogashe, ili wanawake wa Garissa wajue ni mitungi mingapi ya maziwa ya ngamia iko njiani na ni ya nani. Miezi saba alikuwa akifanya hivyo. Na miezi saba yote picha zilikuwa kijani.

Kijani hicho kilikuwa cha Idman mwenyewe. Siku Abdiwali alipomwomba picha kwa mara ya kwanza, alimjibu, "Sura yangu utaiangalia ukishanioa." Kisha, kwa kumwonea huruma kidogo, akapiga picha garbasaar yake, lile shuka la mabegani, likiwa limeanikwa kambani uani, akamtumia. Abdiwali akaiweka nyuma ya kioo cha simu yake. Nayo simu ilikuwa ya hizi za sasa, zinazonyonya rangi ya picha iliyowekwa nyuma zikaipaka kila mahali: saa, vitufe, ujumbe, hata pale pa kupigia namba.

Hakuishia hapo. Abdiwali ndiye aliyetengeneza Dhiil, programu ya umoja wa wanawake wa maziwa, akaiita jina la kile chombo cha kusukwa ambacho akina bibi walikamulia. Wiki iliyofuata akaifungua nayo ifuate rangi ya simu.

"Sasa nikianza kazi asubuhi," alimwambia kwa simu, sauti yake ikicheka chini chini, "kazi yote imevaa shuka lako."

"Wewe una wazimu, wallahi," Idman alisema. Lakini usiku huo alilala akitabasamu kama mjinga.

Leo kazi imevaa zambarau. Na Modogashe nzima, Idman alimjua mwanamke mmoja tu wa zambarau.

Fowsiya, msimamizi wa kituo cha maziwa kule. Alikuja Garissa mwezi wa kwanza na gauni la zambarau linalopepea, kucha za hina, na manukato yaliyobaki bandani siku mbili baada ya yeye kuondoka. Abdiwali alisema ni mchapa kazi. Ndivyo alivyosema, mchapa kazi.

"Mbona umesimama kama nguzo ya stima?" Mueni aliuliza kutoka ndani. Mueni alikuwa mpimaji wa maziwa, Mkamba wa Mwingi, mwaka wa nne sasa Garissa, na hakuna mtungi uliopita bila yeye kutia ndani kijichombo chake cha kujua kama umeongezwa maji. "Mitungi mingapi leo?"

"Sijahesabu."

"Hujahesabu! Na picha imekuja?"

"Imekuja."

Mueni akamtazama kwa jicho la kupima. "Basi leo hata maziwa sitayaamini."

Idman aliandika, akafuta, akaandika tena: *Hii picha ni ya simu yako?*

Jibu lilichelewa hadi saa sita. Mtu ambaye hujibu kabla hujaondoa kidole. *Samahani Idman, nimekosea. Ni ya simu ya mtu. Yangu hii hapa.* Kisha ikaja picha nyingine, kijani.

*Mtu gani?*

Mara hii hakujibu kabisa.

*

Kwa jinsi mambo yalivyokuwa wiki hiyo, hata bila zambarau Idman alikuwa hana usingizi. Ijumaa, baada ya swala, wazee wa Abdiwali walikuwa waje kutoka Tarbaj kumwomba. Kuja wangekuja. Kujibiwa ndiko kulikokuwa hakujulikani, maana baba alikwisha fariki, abti wa Idman, mjomba wake, husikiliza dada yake anasema nini, na dada yake huyo, hooyo Saynab, mama yake Idman, hakumtaka Abdiwali.

"Mtu hana hata ngamia mmoja wa kumfunga kamba," husema.

"Ana kazi, hooyo."

"Kazi gani ya kugusa kioo? Mtu anayekaa na simu kutwa, unajuaje anazungumza na nani?"

Idman alikuwa akicheka maneno hayo. Sasa yalimkaa kifuani.

Na juu ya hayo, kulikuwa na la Rukiyo, mwenzake hooyo wa bandani. Wanawake wa maziwa wana desturi yao tangu zamani. Mitungi yote ni ya njano, yote inafanana, na wengi wao shule hawakuiona. Kwa hiyo kila mmoja huchana kitambaa kwenye gauni kuukuu akakifunga shingoni mwa mitungi yake. Saynab nyekundu. Rukiyo samawati. Bishara nyeupe yenye madoa. Mtungi ukishuka kwenye lori hakuna wa kuuliza. Na Abdiwali, alipotengeneza Dhiil, aliifuata desturi hiyo: kila mwanamke alikuwa duara la rangi ya kitambaa chake, na chini ya duara picha za vijitungi, idadi iliyopakiwa. Jina liliandikwa pia, dogo, kwa wanaosoma.

Jumapili iliyopita Saynab alifungua simu yake mpya, ile aliyoletewa na Mahat, kaka yake Idman, kutoka Nairobi, akaona duara lake lina vijitungi vitano. Lori likashusha mitungi mitatu yenye kitambaa chekundu. Ya Rukiyo ilikuwa mitano.

"Vitambaa hufunguliwa vikafungwa vingine," Saynab alisema mbele ya banda zima.

"Unaniambia mimi maneno hayo, Saynab?" Rukiyo aliuliza. "Mimi?"

"Simu haina ndugu wala adui. Imesema vitano."

Rukiyo alifunga buibui lake, akaondoka, na hakuonekana tena bandani. Kesho yake asubuhi Saynab akapanda gari la kwanza kwenda Modogashe, kumshika mwizi kule mzigo unakopakiwa.

Alirudi Jumatano, vumbi hadi kwenye nyusi. Idman alimwekea maji, akamwekea shaah, chai yao ya maziwa, akangoja.

"Umempata mwizi, hooyo?"

"Tuyaache hayo."

Tuyaache. Hooyo Saynab, ambaye hajawahi kuacha jambo hata likiwa limekufa.

"Na Abdiwali ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa na nani?"

Saynab alikunywa shaah polepole sana. "Alikuwa na watu," alisema, akainuka kwenda kuswali, na mkono wake ukashika kifuani pale anapochomeka simu, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo.

Idman alibaki na kikombe mkononi. Hooyo ameona jambo, alijiambia. Ameona kitu kule, na anaona haya kunieleza.

*

Alhamisi alasiri Abdiwali aliingia Waberi. Idman aliiona pikipiki yake kwa mbali, akaona jinsi alivyojipangusa vumbi kwa kilemba kabla ya kukaribia banda, na moyo wake ukafanya kile unachofanya siku zote, ukaruka. Aliukasirikia.

Mueni alikuwa ndani anaosha vyombo vyake vya kupimia. Hakuinuka kutoka. Alijua kazi yake. Msichana hakai peke yake na mchumba hata kama wanagombana, na hasa kama wanagombana.

"Mimi sipo," Mueni alisema. "Endeleeni. Mimi naosha."

"Assalamu aleikum, Idman."

"Wa aleikum salaam."

Aliketi kwenye benchi la pili, mbali kidogo, akaweka simu pembeni yake, kioo kikiangalia chini. Idman aliliona hilo. Kioo kikiangalia chini.

"Umekonda," Abdiwali alisema. "Au ni macho yangu?"

"Nina swali la kazi."

"Uliza."

"Kwa nini Dhiil inabadilika rangi?"

Alitegemea acheke. Alitegemea aseme lile la shuka. Badala yake uso wa Abdiwali ulijikaza, na macho yake yakakimbilia mlangoni kabla ya kurudi.

"Nani amekwambia kuhusu rangi?"

"Kwani kuna la kuambiwa?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Na mimi nauliza tu. Ulisema ni vizuri programu ifuate simu. Nieleze tena uzuri wake, maana nimesahau."

Abdiwali alipitisha kiganja kwenye ndevu zake fupi. "Simu ni kama chumba cha mtu. Kila mtu hupanga chake anavyopenda. Wewe ukiingia na godoro lako jekundu katika chumba cha mtu cha bluu, unamuudhi. Programu ikivaa rangi ya mwenyewe, macho yanapumzika, mtu anaiona ni yake. Haoni mgeni. Simu nyingi zinakwenda huko sasa."

"Maneno mazuri."

"Ndiyo niliyoamini."

"Uliamini? Imekuwa zamani?"

Mueni aliacha kusugua kidogo, kisha akaendelea.

"Mimi nitakwambia ninavyoona," Idman alisema. "Kitu kinachobadilika kwa kila kilichowekwa nyuma yake, hicho hakina chake. Leo kijani kwa sababu nyuma kuna kijani. Kesho mtu mwingine anapita na rangi yake, nacho kinakubali. Hata hakikatai kidogo! Mwanamke asiyejua kusoma, rangi ndiyo kusoma kwake. Ukimbadilishia, umemfuta jina. Hooyo wangu..."

"Hooyo wako amekwambia nini?" Abdiwali alidakia haraka, mno.

Idman aliinua kichwa.

"Hooyo?" Idman alisema taratibu. "Hooyo anaingiaje hapa?"

"Hapana. Endelea."

"Unaogopa hooyo aniambie nini, Abdiwali?"

Abdiwali alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, mirefu, na Idman aliwahi kuiwazia mambo ambayo hakumwambia hata Mueni. Sasa aliitazama ikishikana yenyewe kwa yenyewe kama ya mtu aliyeitwa polisi.

"Ile picha ya Jumanne," alisema. "Simu ya nani?"

"Nilikwambia. Ya mtu."

"Mwanamke?"

Mueni aliliacha bomba likitiririka.

"Mwanamke," Abdiwali alisema.

"Jina lake."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapishwa, Idman. Nimeapa kwa Mungu sitasema, na si siri yangu. Nakuomba uningoje kidogo. Siku moja, mbili."

"Kesho ni Ijumaa. Wazee wako wanakuja kesho. Unataka nikubali kesho nije kujua keshokutwa?"

"Nataka uniamini."

"Nikuamini wewe au simu yako? Imelala kifudifudi hapo kama imefiwa."

Abdiwali aliichukua, akaishika bila kuigeuza. Kitu kilipita usoni mwake. Kiburi, au maumivu, kwa wanaume ni vigumu kutofautisha. "Ukitaka kuiona, niombe. Sema nionyeshe, nitakupa uishike hadi uchoke."

Neno lilikuwa kwenye ulimi wake. Nionyeshe. Ni neno moja tu. Lakini aliwaza kwamba mwanamke anayeomba kuonyeshwa simu kabla ya ndoa ataomba kila siku ya maisha yake. Na pia, picha hubadilishwa kwa kidole kimoja. Angeweza kuwa ameibadilisha njiani.

"Siombi," alisema.

"Sawa."

"Waambie wazee wako wasijisumbue. Tarbaj ni mbali."

Abdiwali aliinuka. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyopasa, macho yake yakimtafuta machoni, naye Idman akayakazia macho yake kwenye kitambaa cha samawati kilichoanguka sakafuni. Hatimaye alisikia pikipiki ikiwashwa. Alingoja mlio uishe kabisa ndipo akaruhusu machozi.

Mueni alifunga bomba. Akaja, akaketi, akampa pindo la leso yake mwenyewe. "Lete hiyo picha ya huyo malaya."

"Usimwite hivyo, hatujui kama ni yeye."

"Ndiyo maana nasema lete."

Mueni aliisogeza picha karibu na pua yake, kisha mbali, kama anavyosoma kijichombo chake. Alikuwa mtu wa kuamini kipimo, si hadithi. "Fowsiya ana miaka mingapi?"

"Kama yangu. Ishirini na sita, saba."

"Anavaa miwani?"

"La. Kwa nini?"

"Angalia herufi. Zimekuzwa kama za bango la hospitali. Hii ni simu ya mtu ambaye macho yamechoka. Na angalia juu pale, betri asilimia nne. Msimamizi wa kituo, simu ndiyo kazi yake, ataiacha ifike asilimia nne saa tatu asubuhi?" Mueni alirudisha simu. "Huyo ni mama mzee, dada. Tena mama ambaye hukumbuka chaji simu ikishakufa."

Idman aliifuta picha machozi kwa kidole. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakutazama rangi yake, alitazama kilichomo. Duara la kwanza: zambarau iliyoelekea wekundu. Duara la pili: zambarau iliyoelekea bluu. Kwa jua kali, kwa macho yaliyochoka, yalikuwa mapacha. Chini ya moja vijitungi vitatu, chini ya jingine vitano. Akasoma majina madogo ambayo mtu asiyejua kusoma asingeyasoma.

Saynab, vitatu. Rukiyo, vitano.

"Ya Rabbi," alisema, akainuka.

*

Hooyo Saynab alikuwa uani, anachoma vijiti vya kufukizia mitungi, moshi wake ule mtamu umejaa hadi barabarani.

"Hooyo, nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nataka kuona kitu."

"Simu yangu haina kitu." Mkono ukaenda kifuani.

"Hooyo."

Walitazamana. Saynab ndiye aliyeshusha macho kwanza, jambo ambalo Idman hakuwahi kuliona katika miaka yake yote. Simu ilitoka katika fundo la kitambaa, ya moto kutokana na mwili wake, betri asilimia sita.

Idman aliiwasha. Zambarau ikamwagika kiganjani. Saa zambarau, vitufe zambarau. Na nyuma ya vyote, picha ya zamani ya karatasi iliyopigwa tena kwa simu: msichana wa miaka sita hivi, pengo la meno mbele, amevaa gauni la Idi la zambarau linaloburuta chini, anacheka mpaka macho yamefunga.

Alilikumbuka gauni lile. Lilikuwa la kitambaa kinachowasha shingoni.

"Ni mimi," alisema.

"Sasa ungekuwa nani?" Saynab alichochea vijiti ambavyo havikuhitaji kuchochewa. "Mahat aliniambia chagua picha moja, hooyo, ya kuona kila ukifungua. Nikachagua hiyo."

Idman aliketi chini, mavumbini. Siku tatu alikuwa akilionea wivu gauni lake mwenyewe.

"Abdiwali alijua?"

"Ndiye aliyejua wa kwanza. Nilikwenda kumtukana, nikamwonyesha simu, nikamwambia tazama, vitano. Akatazama kitambo. Akaniambia kwa heshima ya shangazi, Eeddo, naomba nipige picha ya kioo chako nikaiangalie vizuri. Halafu akakaa chini mbele yangu kama ulivyokaa wewe, na suruali yake safi. Akasema, Eeddo, Rukiyo hakuiba. Simu yako imevuta rangi zote upande wake. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeruhusu, na niliruhusu kwa sababu ya upuuzi wangu. Nikamuuliza upuuzi gani. Hakusema."

Idman aliujua upuuzi huo. Ulikuwa umeanikwa kambani, hatua tatu kutoka walipokaa, kijani na pindo la dhahabu.

"Na ukamwapisha."

"Nilimwambia asimwambie mtu yeyote mpaka nimalizane na Rukiyo mwenyewe. Akaniuliza, hata Idman? Nikamwambia, hasa Idman." Saynab alikohoa kwa moshi. "Ungeniona vipi? Mama yako, kumwita mwenzake mwizi mbele ya watu kwa sababu ya kioo."

"Na umemalizana naye?"

"Nimepita mlangoni kwake mara mbili. Miguu inakataa."

"Hooyo, leo nimemwambia Abdiwali wazee wake wasije."

Kijiti kilimdondoka Saynab. "Kwa ajili gani?"

"Nilimuuliza simu ya zambarau ni ya nani. Hakusema. Nilimtesa, hooyo, na hakusema."

Saynab alitazama moshi. Alikuwa mwanamke aliyeuza na kununua na watu wa kila namna, kutoka Mandera hadi hapa, na aliyekuwa akiamini kwamba kila mtu ana bei ya kufungulia mdomo.

"Hata wewe hakukwambia," alisema hatimaye, kama mtu anayeonja maziwa mara ya pili. "Haye. Kesho mapema tuna kazi."

*

Ijumaa lori halishushi. Ni siku ya kuosha mitungi na kuifukiza, na wanawake wote huwa bandani kabla jua halijawa kali. Idman ndiye aliyekwenda kumwita Rukiyo, kwa kisingizio cha kuja kuchukua mitungi yake mitupu. Alikuja amefunga uso, hakumsalimu mtu.

Alimkuta Saynab amechuchumaa, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko, anaosha mtungi wenye kitambaa cha samawati.

"Huo ni wangu," Rukiyo alisema.

"Najua." Saynab hakuacha kusugua. Alipandisha sauti ili banda zima lisikie, na kwa sababu Mueni alikuwepo aliisema kwa Kiswahili chake, kisha akairudia kwa Kisomali. "Wanawake, sikieni. Rukiyo hakuiba kitu. Simu yangu iliniambia uongo, na mimi nilikubali haraka. Polepole ningeuliza, sikuuliza. Mimi ndio mkosa."

Bishara alishika mdomo.

"Miaka thelathini," Rukiyo alisema. "Miaka thelathini tunakaa kivuli kimoja, Saynab. Ukaamini kioo siku moja."

"Ndiyo."

"Nilikuzalisha huyu Idman mimi."

"Ndiyo, walaal, ndugu yangu."

Rukiyo alisimama. Akafungua uso. Alikuwa amelia, si leo tu. Kisha akauegemea ukuta wa mabati na kunyoosha kidole. "Osha na ule wa tatu. Chini una mafuta."

Saynab akauvuta ule wa tatu.

Idman alitoka nje. Korongo walikuwa wamejipanga juu ya paa la jirani kama wazee wanaongoja kusikilizwa. Aliandika: *Hooyo amemalizana na Rukiyo. Najua simu ilikuwa ya nani.*

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole. Haikuwa maneno. Ilikuwa picha ya kioo. Dhiil, kijani kote, kijani cha garbasaar. Lakini katikati maduara yamesimama kila moja kwa rangi yake, nyekundu ni nyekundu, samawati ni samawati, Bishara na madoa yake. Chini yake ujumbe: *Kuta zinafuata simu ya mwenyewe. Majina hayafuati tena mtu. Nimejaribu kwa picha thelathini za nyuma, hayasogei. Ningeondoa na kijani pia, lakini nimeshindwa.*

Idman aliikagua picha ile. Ndiyo, aliikagua, kushuku hakumtoki mtu kwa siku moja. Alitazama herufi: ndogo. Betri: themanini na moja. Alitazama pembe zote nne.

Kisha akaandika, *Wazee wako wako wapi?*

*Modogashe. Hawakurudi Tarbaj. Niliwaambia wanywe chai kwanza.*

*Chai tangu jana?*

*Nyingi sana.*

Alicheka peke yake barabarani, mkono kinywani. Ndani alimsikia mama yake akimwambia Mueni kwa Kiswahili, "Huyu kijana ya Tarbaj, ngamia hana, lakini mdomo yake iko na kamba," na Mueni akijibu kwamba hicho nacho ni kipimo.

*Waje baada ya swala,* Idman aliandika. *Hooyo anafukiza dhiil kwa ajili yao.*

Akasita. Jua lilikuwa limefika kwenye vidole vyake vya miguu. Neno lile la jana lilikuwa bado kwenye ulimi, halikuwa limeondoka usiku kucha. Sasa lilikuwa jepesi.

*Na simu yako uje nayo,* akaongeza. *Nionyeshe. Naomba.*